Vifupisho vya kibodi kwenye kihariri vimeniharibia kazi kimyakimya. Tusaidiane kuvipanga

Mfasiri_Mkesha (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba niandike kwa urefu kidogo, maana jambo hili limenikosesha mteja na najua humu wapo wengi wanaoshinda kwenye kihariri kama mimi.

Kazi yangu ni kutafsiri. Natumia Vim, kihariri cha maandishi, asubuhi mpaka usiku, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitengenezea vifupisho: naandika herufi mbili tatu, nabonyeza spesi, neno zima linatokea. Faili langu la mipangilio lilikuwa limefika vifupisho 140. Kwa kuwa Vim inatofautisha herufi kubwa na ndogo, vingi niliviandika mara mbili ili mwanzo wa sentensi nao usinisumbue:

```
ab mt mteja
ab Mt Mteja
ab ang angalia
ab mtz matumizi
```

Mwezi uliopita nikapewa kijitabu cha kanisa. Kila ukurasa una Mt. Yohana, Mt. Petro, Mt. Monika. Mimi nikichapa macho yangu yako kwenye maandishi ya asili, si kwenye skrini. Kila nilipoandika "Mt" na kuweka nukta, kifupisho kilijifungua. Nikapeleka kazi ina "Mteja. Yohana" na "Mteja. Monika" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kikagua tahajia hakikulalamika hata mara moja, kwa sababu "Mteja" ni neno sahihi. Aliyenipa kazi aliyaona kabla ya kwenda kuchapwa, ila kazi nyingine hajanipa tena, na simlaumu.

Nilichokuwa sijakielewa ni hiki: kifupisho hakisubiri spesi. Kinasubiri alama yoyote isiyo sehemu ya neno. Nukta inakifungua, mkato unakifungua, mabano, Enta, hata Esc ya kutoka kwenye hali ya kuandika.

Baada ya hapo nikaanza kupekua kazi za nyuma, nikakuta kubwa zaidi. Sehemu niliyoandika "aling'ang'ania" imesomeka hivi:

```
aling'angalia'ania
```

Nikakaa nikaitazama muda mrefu. Ile ritifaa, alama ya ' kwenye ng'! Kwa Vim, ritifaa si herufi, ni alama. Kwa hiyo "aling'ang'ania" kwake ni vipande vitatu: aling, ang, ania. Kipande cha katikati kimezungukwa na ritifaa pande zote mbili, na mimi nilikuwa nimekiambia "ang" ni "angalia". Kimefanya nilichokiagiza.

Lugha yetu imejaa ng'. Yeyote anayetengeneza vifupisho vya Kiswahili atakutana na hili siku moja, na maandishi mengi ya kufundishia vifupisho yamekusudiwa watu wanaoandika Kiingereza, kwa hiyo hutayakuta humo.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, nilipokuwa nakagua masahihisho nilitaka kutafuta "Mt." zote, nikaandika `/Mt\.` na mstari wa kutafutia wenyewe ukageuka kuwa `/Mteja\.` mbele ya macho yangu. Kwa nini? Pili, nyinyi mnachaguaje herufi za kifupisho ili zisigongane na maneno ya kweli?

---

Mshale

Pole sana mkuu. La kutafuta ni jepesi: umetumia `ab`. Hiyo inafanya kazi kwenye hali ya kuandika na pia kwenye mstari wa amri, na mstari wa kutafutia unahesabiwa humo humo. Tumia `iab`, inabaki kwenye maandishi tu.

Fikiria ungefanya `:%s/mt/mtumiaji/g`, yaani badilisha kila "mt" iwe "mtumiaji". Ile mikwaju inatosha kukifungua kifupisho, kwa hiyo ungekuwa unabadilisha kila "mteja" kwenye faili zima bila kujua. Kwangu mimi hilo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu chombo unachokitumia kukagua kosa nacho kinadanganywa na kosa lile lile.

Ukihitaji kuandika herufi zenyewe bila kufunguka, bonyeza Ctrl-V kabla ya ile nukta au spesi. Ukitoka kwa Ctrl-C badala ya Esc, kifupisho hakiangaliwi kabisa. Nilijifunza hilo siku ambayo nilidhani Vim yangu imeharibika: vifupisho vinafanya kazi mara nyingine, mara nyingine havifanyi. Vidole vyangu vilikuwa vinabadilishana Esc na Ctrl-C bila mimi kutambua.

Na `cab`, kile cha mstari wa amri, kina mtego wake. Wengi tunaandika `cab W w` kwa sababu kidole kinachelewa kuachia Shift wakati wa kuhifadhi. Halafu unatafuta herufi W peke yake kwenye maandishi, unapelekwa kwenye w. Kifunge hivi:

```
cnoreabbrev <expr> W getcmdtype() ==# ':' && getcmdline() ==# 'W' ? 'w' : 'W'
```

Maana yake: badilisha pale tu W ikiwa peke yake kwenye mstari unaoanza na nukta pacha. Kwingine iache.

Mwisho, zoea `inoreabbrev` badala ya `iab` tupu. Kifupisho hakifungui kifupisho kingine, hapo uko salama, lakini herufi zinazotoka zinaweza kunaswa na njia za mkato ulizofunga kwenye vitufe kwa `imap`. Hiyo `nore` inazuia.

---

Karatasi

Mimi msimamo wangu ni mmoja: kifupisho kisijifungue chenyewe. Kisubiri kuitwa.

Kwenye LibreOffice Writer natumia yale maandishi yaliyohifadhiwa, ambapo unaandika kifupi chake kisha unabonyeza F3. Usipobonyeza F3, herufi zako zinabaki ulivyoziandika. Ile ya kusahihisha yenyewe wakati unachapa nimeizima kabisa.

Programu inayobadilisha maandishi bila kuulizwa imewatesa hata wanasayansi. Excel ilikuwa inageuza majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 kuwa tarehe. Utafiti uliochapishwa 2016 uliona kuwa takriban moja ya tano ya makala za jenomiki zilizoambatanisha orodha za jeni kwenye faili za Excel zilikuwa na makosa ya namna hiyo. Mwaka 2020 HGNC, kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu, ikatoa mwongozo ulioeleza kwamba majina yenyewe yamebadilishwa: SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Yaani jina la jeni limeibadilikia programu. Na kosa ni lile lile la "Mteja. Yohana": kilichotokea baada ya mabadiliko kinaonekana halali, kwa hiyo jicho linapita juu yake.

---

Mfasiri_Mkesha

Mshale, ubarikiwe. Nimebadilisha zote leo leo.

Karatasi, nakuelewa, ila F3 iko mbali na vidole. Siku nzima ya kuchapa, safari moja ya mkono kwenda juu ya kibodi ikirudiwa mara elfu inakuwa maumivu ya kiwiko, nami ninayo tayari. Kwa hiyo nataka vijifungue, ila visinidanganye.

---

BiHariri

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni wa Emacs, kihariri kingine cha maandishi, nihariripo vitabu vya watu.

Kaka Mfasiri, kwetu mtego wa "Mt" ungekunasa hata bila kuandika ule mstari wa pili. Emacs inafuata herufi kubwa yenyewe: ukishasema mt ni mteja, ukiandika Mt inatoa Mteja. Ni msaada mkubwa mpaka siku unayokutana na kifupi rasmi kinachoanza na herufi kubwa.

La ritifaa, tuna bahati. Kwenye `text-mode` ritifaa inahesabiwa kuwa sehemu ya neno, kwa hiyo ng'ang'ania ni neno moja na hakuna kipande "ang" cha kunaswa. Lakini hiyo ni kwenye hali ya maandishi. Ukiwa kwenye hali za msimbo, ritifaa ni alama ya kunukuu na bahati hiyo haipo.

Makosa niliyoyafanya mwenyewe ni mawili. Nilikuwa naongeza vifupisho kwa `C-x a g` (C ni Ctrl), ambayo inaviweka kwenye jedwali la wote. Siku nikifungua faili la msimbo, vifupisho vya vitabu vinanifuata humo. `C-x a l` inakiweka kwenye jedwali la hali uliyonayo tu, na hiyo ndiyo niliyopaswa kuitumia tangu mwanzo. Pia `C-x a g` inachukua neno moja tu lililo nyuma ya kishale. Niliandika "kwa mujibu wa sheria", nikaiita, nikakipa kifupi "kms". Nikapata "sheria" peke yake. Kwa maneno manne unaanza na `C-u 4`.

Na Emacs ikikuuliza wakati wa kufunga kama uhifadhi vifupisho, soma swali kwanza. Mimi nilikuwa najibu ndiyo kwa mazoea. Kifupisho kimoja nilichokitengeneza kwa kubonyeza vibaya kikaingia kwenye faili la `abbrev_defs` na kikakaa nami muda mrefu kabla sijajua kinatoka wapi.

Kikifunguka bila kukitaka, `M-x unexpand-abbrev` (M ni Alt) inakirudisha. Na `C-q` kabla ya alama inakizuia kisifunguke.

---

fundi_seva

Naongeza upande wa msimbo, maana huko hasara inakuja kwa namna nyingine.

Kukopi na kupesti. Ukipesti kwenye terminali ya zamani, Vim haijui kuwa umepesti, inaona kama mtu anachapa kwa kasi kubwa. Kila kifupisho kilicho ndani ya maandishi uliyopesti kinafunguka. Nilikuwa na `ret` ikiwa `return`. Nikapesti faili la mipangilio ya seva lenye ufunguo unaoitwa ret, huduma ikakataa kuwaka. Nilitafuta tatizo kwenye mtandao, kwenye ruhusa za mafaili, kwenye kila kitu isipokuwa kwenye kihariri changu. Vim kuanzia toleo la 8 inaweza kutambua kupesti kama terminali nayo inashirikiana. Kama haishirikiani, `:set paste` kabla na `:set nopaste` baada. Ukisahau kuizima, vifupisho vyote vinakufa na mistari haijipangi, utadhani faili lako la mipangilio limefutika.

Maelezo mwisho wa mstari. Usiweke:

```
iab mtz matumizi " neno la kila siku
```

Hiyo alama ya kunukuu haianzishi maelezo hapo. Inakuwa sehemu ya kifupisho, na kila ukiandika mtz utapata mstari wote. Maelezo yakae mstari wake, juu. Na ukitaka kile kistari wima `|` ndani ya kifupisho, andika `<Bar>`, la sivyo Vim inadhani amri imeishia hapo.

Spesi iliyokufungulia inaingia pia. Ukifanya `iab if if ()<Left>` ili kishale kikae ndani ya mabano, spesi uliyobonyeza inadondoka humo humo ndani. Maelekezo ya Vim yenyewe yana dawa:

```
func Eatchar(pat)
  let c = nr2char(getchar(0))
  return (c =~ a:pat) ? '' : c
endfunc
iabbr <silent> if if ()<Left><C-R>=Eatchar('\s')<CR>
```

Ila mimi `if` nimeiondoa kabisa. Neno la lugha yenyewe lisiwe kifupisho, kwa sababu utaliandika pia kwenye maelezo na kwenye ujumbe wa kosa.

Jingine halisemwi sana. Vidole vinasahau kwamba kifupisho ni chako peke yako. Nikikaa kwenye mashine ya mwenzangu naandika `ret` nasonga mbele, nikiamini imefunguka. Haikufunguka.

---

Mfasiri_Mkesha

fundi_seva, hilo la mwisho limenigusa. Nimewahi kumtumia mtu barua ndefu kutoka kompyuta nyingine, imejaa "mtz".

Sasa naomba msaada kwenye kinachonitesa zaidi. Nina "srk" kwa "serikali". Lakini Kiswahili hakiachi neno peke yake. Nataka kiserikali, naandika "kisrk", hakifunguki. Nataka serikalini, naandika "srkni", hakifunguki. Vitenzi ndiyo usiseme: atawasiliana, hatukuwasiliana, waliowasiliana. Siwezi kutengeneza kifupisho cha kila umbo.

Na pia nilijaribu kuweka "n.k" ifunguke kuwa "na kadhalika", Vim ikakataa kwa ujumbe wa kosa E474.

---

Mnyumbulisho

Hapa ndipo panaponoga, ngoja nieleze taratibu.

Vim ina aina tatu za vifupisho, na inakupangia aina kwa kuangalia herufi ulizotumia. Ya kwanza ni ya herufi tupu, kama srk. Hii inataka nyuma yake kusiwe na herufi, ndiyo maana "kisrk" haikubali. Ya pili inaishia na herufi moja, na vyote vilivyotangulia ni alama, kama `;s`. Ya tatu inaishia na alama. Mchanganyiko usioingia kwenye aina hizo unakataliwa. "n.k" ina herufi, alama, herufi, kwa hiyo haiwezekani. Lakini "n.k." yenye nukta ya mwisho inaishia na alama, ni aina ya tatu, inakubalika. Jaribu.

Kwetu sisi, aina ya pili ndiyo yenye faida kubwa. Inaruhusu herufi nyuma yake. Tazama:

```
inoreabbrev ;s serikali
inoreabbrev ;w wasiliana
```

Ukitumia `inoreabbrev` hivi, unaandika `ki;s` na spesi, unapata "kiserikali". Unaandika `ata;w`, unapata "atawasiliana". `hatuku;w`, `walio;w`, viambishi vyote unaviandika kwa mkono na mzizi unaita. Kifupisho kimoja, maumbo yote ya mbele.

Kwa viambishi tamati, tumia Ctrl-]. Inafungua kifupisho bila kuongeza spesi wala alama. Kwa hiyo `;s`, Ctrl-], kisha "ni": serikalini.

Mipaka yake: baada ya alama unaruhusiwa herufi moja tu. `;srk` haikubaliki. Kwa hiyo chagua mizizi unayoirudia kweli kweli. Ukiishiwa, `;;s` nayo ni halali.

Na kuna jambo la kuwa macho nalo hata kwa aina ya kwanza. Mahali ulipoanzia kuandika panahesabiwa kama mwanzo. Ukirudi kusahihisha neno, ukaweka kishale katikati, ukaongeza herufi mbili zinazofanana na kifupisho kisha ukabonyeza Esc, kinafunguka katikati ya neno. Vim haitazami herufi zilizokuwepo kabla hujaanza. Makosa ya wakati wa kusahihisha ni mabaya kwa sababu ukishasahihisha hurudi tena kusoma.

---

fundi_seva

Nzuri sana, naomba tahadhari moja iandikwe pembeni yake. Kwenye nathari baada ya nukta mkato huja spesi, kwa hiyo `;s` haitokei yenyewe. Kwenye msimbo hutokea. `for(i=0;i<n` ina `;i` imeshikana. Kwa hiyo vifungie kwenye maandishi:

```
autocmd FileType text,markdown inoreabbrev <buffer> ;w wasiliana
```

Hiyo `<buffer>` ndiyo inayokifanya kisitoke nje ya faili hilo.

---

Mshale

Na la ritifaa, mkuu, unaweza kuiambia Vim kwamba ni sehemu ya neno:

```
autocmd FileType text,markdown setlocal iskeyword+=39
```

39 ni namba ya ritifaa ya kawaida. Baada ya hapo ng'ang'ania ni neno moja, hata ukirukaruka kwa `w` kishale hakikwami katikati. Gharama yake: ukinukuu neno kwa alama moja moja, 'mtz', kifupisho hakitafunguka, kwa sababu alama ya kufungulia imeshikana nalo.

---

Mfasiri_Mkesha

Wakuu, narudi na majibu baada ya siku nne.

`ata;w` inafanya kazi. Mara ya kwanza nilipoona "hatukuwasiliana" ikijitokeza nilipiga meza. "n.k." yenye nukta mbili nayo imekubali.

`iskeyword` imenisaidia kwa ritifaa iliyonyooka. Lakini baadhi ya kazi zangu zinatumia ritifaa iliyopinda, ile ’, na hiyo Vim inaendelea kuiona kama alama tu. Mpangilio ule unashughulikia herufi mpaka namba 255, na ritifaa iliyopinda ni 8217. Kwa hiyo kwenye mafaili hayo "ang" bado ni hatari.

Ndipo nikapata njia ya kuvichuja. Badala ya kukisia kipi kitagongana, nikauliza kazi zangu zenyewe. Kwa kila kifupisho nikaendesha grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, kwenye folda la tafsiri za nyuma:

```
grep -rnwi 'ang' tafsiri/
```

Hiyo `-w` inatafuta neno zima, na grep nayo inaichukulia ritifaa kuwa si herufi, sawasawa na Vim. Kwa hiyo "kung'ang'ania" zote zikajitokeza chini ya "ang". `-i` ikaleta "Mt." zote chini ya "mt". Kifupisho chochote kilicholeta hata mstari mmoja wa maandishi halali, nimekifuta. "si" niliyokuwa nimeipa "sisitiza" ilileta mistari mingi hadi nikaona aibu: kila "si" nilikuwa naizuia kwa Ctrl-V kwa mazoea, bila kujiuliza kwa nini.

Kati ya 140 vimebaki 52, na mizizi kumi na mbili ya nukta mkato. Mafaili ya zamani nayo nimeyapitia kwa njia hiyo hiyo kinyumenyume, nikitafuta "angalia" iliyopakana na ritifaa:

```
grep -rnE "['’]angalia['’]" tafsiri/
```

Imeleta sehemu tatu. Moja nilishaipeleka kwa mwenyewe. Nimemwandikia leo asubuhi.

---

BiHariri

Hongera kaka. Nami nimeendesha hiyo grep kwenye `abbrev_defs` yangu tangu jana. "Dkt" imenikamata.